Siku Saba za Kutopika

Jumatatu ya pili ya Julai, saa nane mchana, Bethuel aliegesha karavani ya kuazima kwenye kiwanja namba kumi na saba, katika kambi iliyo kando ya Ziwa Mälaren, dakika ishirini kwa basi kutoka Hässelby. Aliunganisha waya wa umeme, akapiga jeki kona moja baada ya nyingine, akaweka chupa ya maji sakafuni kuhakikisha karavani haijainama. Mkewe, Akeyo, alikuwa kwenye kiti cha kukunja akimtazama. Hakuinuka kumsaidia. Ndivyo walivyokubaliana.

Makubaliano yenyewe yalikuwa mafupi. Akeyo alikuwa mpishi katika jiko la shule. Jumatatu hadi Ijumaa alipikia watoto mia nne na kumi. Jioni alipikia nyumba yake, mtaa wa Alby. Jumamosi alipikia ushirika wa kanisa la Kiswahili, kwa sababu nyumba yao ilikuwa karibu na kituo cha treni na hakuna aliyekumbuka sababu nyingine. Mwezi wa Machi alimwambia mumewe kwamba likizo hii, siku saba, hapiki. Hakati kitunguu, hachemshi maji. Bethuel alisema, "Sawa, Mama Nala. Siku saba," bila kuondoa macho kwenye mpira.

Siku hizo saba Akeyo alikuwa na kazi nazo. Binti yao, Nala, alikuwa na miaka kumi na tisa, na Jumatatu iliyofuata angepanda treni kwenda Luleå, mbali kaskazini, kufanya kazi ya kiangazi, kisha aanze chuo huko huko. Nala alijua kuogelea tangu darasa la pili, kama watoto wote wa shule za huku. Akeyo hakujua. Alikulia Kericho, katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaingia yalikuwa ya karai. Nala alipokuwa na miaka sita, Akeyo alimwahidi kwamba siku moja wataogelea pamoja. Kila kiangazi tangu hapo alikaa ufukweni na bakuli la chakula mapajani, akiwasubiri wenzake watoke majini na njaa.

"Siku saba zinatosha," Nala alikuwa amemwambia kwa Kiswidi, lugha aliyomjibia mama yake kila siku. "Sisi shuleni tulichukua muhula mzima, lakini nusu ya muda tulikuwa tunalia."

Kwa hiyo Akeyo alinunua chakula kisichotaka moto: mikate mikavu, jibini, samaki wa kopo, nyanya, maziwa ya mgando. Akapanga vyote kwenye friji ya karavani. Bethuel, kwa upande wake, alipakia kilo tano za unga wa ugali, kabichi, vitunguu, mafuta, sufuria kubwa na mwiko, akavisukuma chini ya kitanda. Alivibeba kwa tahadhari tu, kama mtu abebavyo mwavuli.

Saa kumi na mbili jioni jua lilikuwa bado juu. Kwenye kiwanja cha jirani, Gunvor na mumewe, wastaafu wawili, walikuwa wanakula mkate mkavu na jibini, kila mtu akijipakia siagi yake. Bethuel alifungua friji, akaitazama, akaifunga.

"Kwa hiyo," akasema, "leo tunakula nini?"

Akeyo alisikia ubaridi kwenye vifundo vya mikono, kama mtu aliyevua saa. Mkono wa kulia ulidondoka kwanza kwenye nyasi, wa kushoto ukafuata. Hapakuwa na damu. Pale ilipokatikia palikuwa laini kama kiwiko. Mikono ilitembea kwa vidole hadi kwenye karavani, ikapanda ngazi, na muda si mrefu ikasikika ikivuta sufuria chini ya kitanda.

Nala alikuwa amelala kwenye taulo. Aliinua kichwa. "Mama, mikono yako imeondoka."

"Nimeiona."

"Itarudi?"

"Sijui. Haijawahi kuondoka."

Baada ya dakika arobaini ugali ulikuwa mezani, na kabichi iliyokaangwa kwa nyanya zile zilizokusudiwa kuliwa mbichi. Bethuel alinawa, akakata tonge. Nala alimlisha mama yake kwa kijiko.

"Umeona?" Bethuel alisema. "Hujapika. Umekaa tu, na tumekula vizuri." Alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Asubuhi Akeyo aliamka, mikono ikiwa mahali pake. Ilinuka sabuni ya vyombo, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa na alama mpya ya moto. Alivaa vazi la kuogelea alilolinunua mwezi wa Mei, akamfuata Nala ziwani. Maji yalikuwa baridi. Yalifika magotini, kisha kiunoni. Nala alimwonyesha jinsi ya kutandaza mikono na kuyasukuma maji kando. Akeyo alisukuma mara nne, akafanya vizuri kuliko Nala alivyotarajia. Ndipo Bethuel alipoita kutoka kwenye nyasi, kwa sauti ya upole, mchana watakula nini.

Mikono ilidondokea majini. Iliogelea hadi ufukweni, wa kulia ukitangulia. Ilikuwa na mtindo mzuri, Nala alisema. Mtu angedhani imefundishwa. Akeyo alisimama ndani ya ziwa na vifundo vyake viwili, akaitazama ikipanda mchanga na kujikung'uta.

Ikawa hivyo kila siku. Nala alipiga simu ya ushauri wa afya, akaishikilia sikioni mwa mama yake. Muuguzi aliuliza kama mikono inauma. Haiumi. Aliuliza kama inarudi. Inarudi. Basi si dharura, muuguzi alisema. Kama hali itaendelea hadi vuli, apige tena. Kwa sasa asilowanishe vifundo.

Jumatano jiko dogo la karavani halikutosha tena, mikono ikahamia jiko la pamoja la kambi. Alhamisi Filip, kijana msimamizi wa kambi, alibandika ukutani karatasi iliyofunikwa plastiki. Iliandikwa kwamba mikono inayotumia jiko ifuatane na mwenyewe, ifute meza baada ya kazi, na isitumie mafuta mengi kiasi cha kuamsha kengele ya moto. Chini aliandika asante, na kuchora ua. Gunvor alimwambia Akeyo kwamba kwa upande wake hana malalamiko. Mikono ilikuwa imemsugulia sufuria yake pia.

"Bethuel," Akeyo alisema jioni hiyo, "usiniulize tena tunakula nini."

"Sikuulizi wewe. Nauliza tu."

"Usiulize tu."

Bethuel alifikiri. Alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kumpandishia sauti, na mshahara wake wote uliingia nyumbani. "Sasa mtu atajuaje?" akauliza. Hakuwa na ubishi. Alitaka kujua kweli.

Nala alibadilisha mafunzo. Kuelea, alisema, hakuhitaji vidole. Ijumaa nzima alimshikilia mama yake kwa viganja viwili chini ya mgongo, na mchana, kwa hesabu ya kumi na mbili, aliviondoa, Akeyo akabaki juu ya maji akitazama wingu. Hakuwa amewahi kulala chali mchana bila kuwa mgonjwa. Walipanga kwamba Jumamosi atapiga miguu, atoke kwenye gati hadi kwenye kamba ya maboya, mita kumi na tano, Nala ubavuni mwake. Hilo lingehesabika kuwa ni kuogelea pamoja.

Ijumaa hiyo hiyo jioni Bethuel alipiga picha ya ziwa, akaituma kwenye kundi la simu la ushirika. Akaandika: "Tupo hapa mpaka Jumapili. Karibuni." Aliandika karibuni kama mtu anayekula asemavyo karibu kwa anayepita. Majirani wa Kiswidi wangesoma, wakaweka kidole gumba, wakangoja wapewe tarehe na saa. Kundi halikuwa la Kiswidi.

Jumamosi saa tano asubuhi walishuka kwenye basi watu ishirini na watatu. Walikuwa wametoka Alby na Fisksätra, wamebadilisha treni mjini, wamekaa kwenye treni ya njia ya kijani hadi kituo cha mwisho. Mbele alikuwa Obedi, dereva mstaafu wa basi, mtu wa Uvira, amevaa tai. Nyuma yake mkewe, Magdalene.

"Baba Nala, tuliona karibu yako," Obedi alisema. "Tukasema, hapana, hatuwezi kuwaacha peke yenu huku porini. Tumekuya kusalimia tu. Hatuko tunakaa."

Wakakaa. Walitandika mikeka kutoka kiwanja cha kumi na sita hadi cha kumi na tisa. Bethuel alitazama idadi yao, akatazama unga uliobaki, akauliza alichouliza. Akeyo alikuwa anamsalimia Magdalene. Salamu ilikatikia njiani.

"Sasa mama, mikono yako imeenda wapi, nami bado sijakusalimia?"

"Imeenda jikoni."

"Basi nitaisalimia huko huko."

Magdalene akaenda. Mkono wa kulia uliacha kisu, ukajifuta kwenye taulo, ukampa salamu. Aliporudi alikaa mkekani karibu na Akeyo, akanyoosha miguu.

"Inakata vitunguu vizuri, ndogo ndogo," alisema. "Yangu ilitokaga zamani, mwaka tulifika hapa. Siku hizi haitokagi."

"Uliizuiaje?"

"Sikuizuia. Siendagi likizo."

Saa saba mchana Akeyo na Nala walikwenda kwenye gati. Hakuna aliyewaona wakiondoka, kwa sababu mikono ilikuwa imeanza kupakua. Akeyo alishuka ngazi kwa viwiko. Alilala chali. Nala aliweka viganja chini ya mgongo wake, akaviondoa, na Akeyo akapiga miguu.

Alikwenda. Maji yaliingia masikioni, sauti za mikekani zikazimika. Mita tatu, mita tano. Nala aliogelea pembeni, akihesabu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule alihesabu kwa Kiswahili. Kamba ya maboya ilikuwa karibu kiasi kwamba Akeyo aliona miguu ya bata juu ya boya moja, nyekundu.

Nala aliacha kuhesabu.

Akeyo alishusha miguu. Kina kilifika kifuani. Kule kwenye nyasi, mtu alikuwa ameuliza kama chai itatoka. Mikono ya Akeyo ilikuwa inasonga ugali wa pili na haikuweza kuuacha, kwa sababu ugali ukiachwa unashika mabonge. Watu ishirini na watatu waligeuka kutazama ziwani. Hawakutazama kwa ubaya. Walitazama tu, na Bethuel akaita, "Nala, mama yako mikono imebanwa."

Nala alikuwa ameinua mikono yake juu ya maji, anaitazama. Kwenye kila kifundo palikuwa na mstari mwembamba, kama alama ya mpira wa nywele uliovaliwa usiku kucha.

"Unasikia baridi?" Akeyo aliuliza.

"Kidogo."

"Kama umevua saa?"

"Mimi sivai saa, mama."

Akeyo aliitazama kamba. Zilikuwa zimebaki mita sita, labda saba. "Kaa humu ndani," alisema. "Usitoke mpaka nikuite. Hata wakikuita wao."

Alitembea hadi nchi kavu, maji yakimchuruzika, akapita katikati ya mikeka hadi jiko la pamoja. Alinyoosha vifundo juu ya sufuria, mikono ikapanda, ikajishikiza, bado imeshika mwiko. Alimaliza ugali. Kisha akabandika chai, birika tatu, na tangawizi.

Bethuel alimfuata hadi mlangoni. "Lakini Mama Nala, makubaliano," alisema, na alikuwa na huzuni ya kweli usoni. "Ilikuwa imebaki siku moja tu."

Nala alikaa majini hadi midomo ikabadilika rangi. Mistari ilikuwa imefifia. Obedi alimpa koti lake, akasema chai ya mama yake ni chai, na wageni wakaondoka na basi la saa kumi na mbili, wakishukuru.

Jumapili walirudisha funguo za mabafu ya kambi. Bethuel aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba familia imepumzika, kisha akaomba kiwanja kile kile kwa mwaka ujao, wiki mbili. Filip aliuliza kama mikono pia itakuja, ili aweke nafasi jikoni. Bethuel alimtazama mkewe. Akeyo alikuwa ameinama anavuta waya wa umeme, kwa hiyo Bethuel akasema ndiyo.

Jumatatu Nala alipanda treni kwenda kaskazini. Walikumbatiana stesheni kwa muda mrefu, na Akeyo alimshika vifundo, akavipapasa kwa vidole gumba. Vilikuwa laini.

Siku ya tatu, jioni, Akeyo alikuwa sofani, Alby, alipopata ujumbe. Nala aliandika kwamba chumba ni kizuri, na jiko anatumia na wavulana wanne. Ni wapole sana. Leo walisimama mbele ya friji wakauliza tunakula nini. Umetoka wa kushoto tu, aliandika. Kisha akaongeza: Mama, nifanye nini?

Akeyo aliishika simu kwa mikono miwili. Kwanza alitaka kumwuliza kama mkono umechukua kitambaa cha kushikia sufuria. Akaacha. Alianza kuandika: Usi

"Mama Nala," Bethuel aliita kutoka jikoni, kwa upole, huku friji ikifunguka, "leo tunakula nini?"

Simu ilianguka sofani, uso juu. Ujumbe ulibaki hapo na herufi zake tatu mpaka kioo kikazima, na jikoni kitunguu cha kwanza kilikuwa tayari kimekatwa.