Mpe Mtoto

Kila asubuhi, kabla hajajitupa kitandani, Da-rim alimbandikia baba yake plasta za dawa mgongoni. Alikuwa akitoka zamu ya usiku katika jiko la hospitali, miguu imemvimba, mikono ingali inanuka vitunguu saumu. Asubuhi moja alimkuta baba, mzee Man-su, ameketi mlangoni, koti kalifunga hadi shingoni, anahangaika na kamba za viatu.

Mzee alisema uwanja wa zamani wa besiboli unabomolewa wiki ijayo, na leo milango imefunguliwa ili watu wauage. Da-rim alitaka kumwambia aende na jirani. Badala yake aliinama, akamfunga kamba.

Watu walikuwa wametawanyika jukwaani, kwenye viti vya plastiki vilivyopauka, wakila kuku wa kukaanga na kutazama watoto waliokuwa wakipiga mipira uwanjani. Da-rim alifumba macho. Utotoni mwake baba alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, na Jumamosi akitoka alimleta hapa moja kwa moja, ngisi mkavu wa kutafuna mfukoni. Mchezo ukikaribia kwisha, kila shabiki, kwa desturi, alijaza upepo mfuko wa taka wa rangi ya machungwa, akaufunga kichwani kama kilemba. Wa Da-rim aliufunga baba, taratibu, asimbane masikio.

Kisha ikaja siku ya mpira. Desturi ya mji wao wa Busan haina mjadala: mtu mzima akidaka mpira uliopotelea jukwaani, jukwaa zima humpigia kelele ampe mtoto. Baba aliudaka kwa mkono mtupu. Kelele zikapanda. Da-rim, kwa haya ya kutazamwa na watu wote, aliuvuta mfuko ukamfunika uso, akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Alipochungulia, mpira ulikuwa kwa mvulana wa safu ya mbele, na watu walikuwa wakimpigia baba makofi. Da-rim naye akapiga.

Bibi yake alizoea kusema nyumba isiyo na mtoto wa kiume ni chungu kisicho na mfuniko. Da-rim akajumlisha mwenyewe kwamba baba angependa mvulana, na jumla hiyo ameibeba hadi leo, akipika, akifua, akibandika plasta. Utamwulizaje mtu kwa nini hakukupa kitu ambacho hukukiomba? Na uwanja huu ukishabomolewa, ataanzia wapi kuuliza?

Sauti ya baba ilimfumbua macho. Alikuwa akimsimulia mama mmoja wa kiti cha jirani habari za mpira ule, na jinsi alivyopigiwa makofi, yeye mshona soli.

"Na binti yako huyu hukumpa?" mama yule aliuliza, akimenya yai. "Baba gani wewe?"

"Huyu? Alikuwa amelala, kajifunika mfuko. Nani amwamshe mtoto kwa ajili ya mpira?"

Akacheka hadi akakohoa. Da-rim hakucheka. Miaka yote ile, kumbe baba alidhani amelala.

Hapo mpira mmoja ukaruka kutoka uwanjani, ukadunda kwenye ngazi, ukabingirika hadi kiatuni pa mzee. Aliinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akauokota. Jukwaa likaamka kwa mazoea.

"Mpe mtoto! Mpe mtoto!"

"Mzee, toa," mama wa yai alimchokoza. "Unataka uzikwe nao?"

Kijana mdogo alikuwa tayari amesimama ngazini, viganja wazi. Mzee Man-su akatabasamu, akanyoosha mkono kumpa. Da-rim alimshika mkono wa koti. Watu walikuwa wakitazama. Uso ulimwaka moto, na safari hii hakuwa na mfuko wa kujificha.

"Baba," alisema. "Siku ile sikuwa nimelala. Niliutaka mimi."