Maneno ya Wageni

Kiharusi kilimpata Nosrat mwaka jana, makomamanga yakiwa yamejaa sokoni. Kilimwachia miguu, kikamwachia na majina ya vitu. Kilichochukua ni ule uzi wa kuyafunga maneno yawe sentensi. Akitaka chai husema, "Chai... mimi... kunywa." Akitaka kusimulia ndoto, hutoa neno mojamoja kama mtu anayechambua mchele, halafu hunyamaza.

Tahmine, aliyekuwa mkewe kwa miaka arobaini na mmoja sasa, alishazoea kumsaidia kuvaa na kula. Alichokosa ni asubuhi zao. Zamani Nosrat hagusi chai kabla ya kumtegea kitendawili.

"Bibi mnene, tumboni moto, anaimba tangu alfajiri. Nani?"

Naye Tahmine, birika lao kubwa la samovari likichemka pale pale mbele yake, hujibu, "Mama yako!" Basi watacheka mpaka sukari iwapalie.

Ijumaa moja jirani yao, Bi Aqdas, akabisha hodi na bakuli la supu ya maharage. Nosrat akasimama, mkono kifuani, maneno yakatiririka.

"Karibu, Bi Aqdas! Umetuletea nuru nyumbani. Hatua zako tunazipokea kwa macho yetu. Mbona umejisumbua hivi?"

Hakukwama hata mara moja.

"Eh! Huyu ndiye mgonjwa?" Bi Aqdas akaangua kicheko. "Shoga, unamsingizia mzee wa watu!"

Tahmine akacheka naye. Kisha akaenda jikoni kumimina supu, akalia kidogo huko.

Foruzan, binti wa kliniki anayekuja kila Jumapili kumfundisha Nosrat kusema, alipofika alimweleza Tahmine vizuri. "Mama, hayo ameyasema dukani miaka arobaini akiuza vitambaa. Yanatoka yenyewe. Sentensi ya kupanga mwenyewe ndiyo inayomshinda."

"Kwa hiyo Aqdas apewe mkate mzima, mimi mkewe niokote makombo?"

"Jamani mama, unamwonea wivu Bi Aqdas?"

"Namwonea, ndiyo. Andika kwenye daftari lako."

Kesho yake alasiri theluji ilikuwa ikianguka. Tahmine akafanya jambo la kitoto. Alijitanda chadori yake ya kutokea, akanyata mpaka nje, akafunga mlango, akabonyeza kengele. Alitaka kukaribishwa tu. Aisikie ile sauti ikimjia yeye, ndefu, nzima, mpaka mwisho wake.

Kandambili zikaburuzwa ndani. Mlango ukafunguka. Mkono wa Nosrat ulishaanza kupanda kifuani.

"Kari..."

Akamtazama vizuri. Mkono ukashuka.

"Haya, mkaribishe mgeni, bwana," Tahmine akasema, akijilazimisha kucheka. "Niko hapa nangoja."

Nosrat akatikisa kichwa. "Mgeni... siyo." Mshipa wa shingo ukamtutumka. "Tahmine. Nje. Baridi." Akavishika vidole vya mkewe, akavipulizia pumzi ya moto. Kisha akajaribu tena, macho yamemtoka kwa juhudi. "Tahmine mgeni hapana... Tahmine... nyumba..."

"Nyumba nini, Nosrat?"

Mdomo ukafunguka, ukafungika.

"Malizia," akamwambia polepole. "Sina haraka."

Theluji ikawa inaingia mpaka kwenye zulia, na hakuna aliyeufunga mlango. Tahmine alisimama kizingitini, mabega yakigeuka meupe, vidole vyake bado mkononi mwa mumewe, akiutazama ule mdomo.