Mlango Usivunjwe

Gari la dalali wa mnada lilipokata kona kwenye duka la simenti, fundi vitasa alijua wanaelekea wapi. Alikuwa ameketi nyuma, juu ya tairi la akiba, sanduku la vifaa amelibana kwa magoti. Mbele, dalali na dereva wake walikuwa wanabishana habari za mpira. Hakuwa ameambiwa nyumba ni ya nani. Huwa haambiwi, na yeye huwa haulizi. Aliitwa asubuhi kama anavyoitwa siku zote, "Fundi, pana kitasa, njoo," akaja mbio kama mtu aliyeitwa kwenye urithi.

Maana kazi alikuwa anaitaka. Rejesho la mkopo wa nyumba yake, la mwezi uliopita, lilikuwa halijalipwa, na afisa mikopo alishamwambia kwa sauti tamu kabisa kwamba leo ikipita hivi hivi, faili lake linakwenda kwa dalali. Dalali yupi, hakuhitaji kuuliza. Ni huyu huyu aliyeketi mbele akicheka.

Zamani fundi aliishi kwa funguo zilizopotea na watoto waliojifungia chooni. Kisha riba ikaanza kupanda. Redio ilieleza kwamba serikali ina deni kubwa, kwamba inakopa ili ilipe ilichokopa, kwamba mabenki yanaona raha kuikopesha serikali yenyewe kuliko kuhangaika na mtu wa mtaani, na huyo wa mtaani akizitaka hela basi azilipie zaidi. Fundi hakuelewa yote. Alichoelewa ni kwamba rejesho lake lilipanda, likapanda tena, na kila lilipopanda, dalali alimpigia simu mara nyingi zaidi. Riba iliyokuwa inamnyonga ndiyo iliyokuwa inamlisha. Mkewe alikuwa akimtania, "Omba wenzetu washindwe kulipa, ili sisi tulipe," halafu kila mmoja anatazama sahani yake.

"Simama hapo penye ua wa mabati," dalali alimwambia dereva.

Ilikuwa nyumba ya dada yake.

Walichukua mikopo wiki moja, yeye na dada, wakitiana moyo, maana kila mmoja peke yake alikuwa anaogopa. Dada alikuwa muuguzi wa hospitali ya serikali, mtu wa mshahara, na benki ilimchekea mpaka jino la mwisho. Kwenye mkataba palikuwa na mstari unaosema riba yaweza kubadilika kufuatana na hali ya soko. Dada aliusoma kwa sauti, wakacheka, kwa sababu soko walilolijua wao ni la nyanya. Siku anahamia, fundi alimfungia mlango wa mbele kitasa bora kuliko vyote alivyowahi kushika, na hakumtoza hata senti.

Wapagazi wawili wa dalali walikuwa wamewatangulia, wamechuchumaa kivulini wanakunywa soda. "Yumo ndani, kajifungia," mmoja akasema. "Tulete nyundo?"

"Mlango usivunjwe," dalali akajibu. "Mnunuzi kaupenda mlango. Fundi, kazi kwako. Ufungue, kisha ubadilishe kitasa. Leo nakulipa mara mbili."

"Bosi, hapa ni kwa dada yangu."

"Dada wa damu?"

"Tumbo moja."

Dalali alimshika bega. "Pole sana, fundi," akasema, na ilionekana anamaanisha. "Lakini amri ya mahakama ninayo mfukoni. Ukikataa, hawa wanashika nyundo, na bei ya mlango anaandikiwa dada yako juu ya deni alilonalo. Na wewe nisingependa siku moja nije kwako na fundi nisiyemjua. Wengine wana mikono mibaya."

Wapagazi wakacheka. Fundi naye akacheka. Alijisikia akicheka, akajichukia.

Alipiga magoti kwenye kizingiti, akafungua sanduku, akachagua kijiti chembamba cha chuma na koleo ndogo. Hata kabla hajagusa kitu, sauti ikatoka ndani, karibu kabisa na tundu la ufunguo.

"Usinikwaruzie mlango."

"Ni mimi, dada."

"Najua ni wewe. Nani mwingine anapumua hivyo akishika kitasa? Si ulisema mwizi atazeekea hapa mlangoni?"

"Atazeeka kweli. Mimi si mwizi."

"Hilo umelisema wewe."

Akamweleza habari ya nyundo na bei ya mlango, mdomo wake ukiwa kwenye tundu kama mtu anayesema siri, ingawa hapakuwa na siri yoyote. Majirani walishaanza kutokeza vichwa. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapaza sauti.

"Hebu muulize huyo bosi wako! Mwajiri wangu ni serikali. Mshahara wangu mwezi wa tatu huu haujatoka, tunaambiwa hazina inalipa madeni kwanza. Inamlipa nani? Si benki hizi hizi? Benki imeshakula mshahara wangu huko juu, sasa imekuja kunidai huku chini. Mimi nalipa mara ngapi?"

Dalali alikuwa anatafuta kitu kwenye simu. "Mama," akasema bila kuinua macho, "mambo ya serikali mimi siyajui. Mimi najua nyumba ilipo."

Fundi alisikia kigoda kikiburuzwa sakafuni hadi mlangoni, na dada yake akikalia. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka, ile ya nyumbani.

"Mdogo wangu."

"Naam, dada."

"Ukifungua wewe wanakulipa mara mbili, nimesikia. Na nikifungua mimi?"

"Nitalipwa ya kubadilisha tu."

"Rejesho lako umeshalipa?"

Alitaka kudanganya, akashindwa. "Bado. Mwisho ni leo."

"Basi fungua wewe," dada akasema. "Taratibu, usiniharibie. Mimi nipo hapa, siendi popote."

Akaanza. Kitasa kilimgomea kama alivyokusudia siku ile anakifunga kimgomee kila mtu. Kila alipokisukuma kipini kimoja cha ndani, kingine kilirudi mahali pake. Jasho lilimwingia machoni. Upande wa pili wa ubao dada yake alikuwa ameketi na ufunguo, na angeweza kuyamaliza yote kwa kuuzungusha mara moja, lakini hakuuzungusha. Alikuwa anamsubiri. Mara moja tu aliuliza kwa kunong'ona, "Bado?" naye akajibu, "Karibu, dada," na hapo machozi yakamtoka, akayapangusa kwa bega ili asiachie kijiti.

Kitasa kilipolegea, mlango ulifunguka kwa upole. Dada alikuwa kwenye kigoda, amevaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi, ufunguo mapajani. Jioni alikuwa na zamu. Aliinuka, akakisogeza kigoda pembeni ili wapagazi wapite.

Waliingia, wakaanza kutoa vitu. Fundi aling'oa kitasa cha zamani, akaweka kipya, cha bei rahisi, kile dalali alichonunua kwa jumla. Mlango ulikuwa unachezacheza kwenye bawaba, bisibisi inateleza.

"Nani anishikie hapa?" akauliza, na wapagazi wote walikuwa na mizigo.

Dada akaja. Akaubana ubao kwa mikono yote miwili, mguu mmoja ukiuzuia kwa chini.

"Hapa?"

"Shusha kidogo. Hapo hapo."

Alikaza skrubu moja baada ya nyingine, na dada hakuuachia mlango mpaka ya mwisho ilipoingia yote.

Dalali aliufunga, akaujaribu, akatia funguo mfukoni. Kwenye gari redio ilikuwa inasema Benki Kuu imepandisha riba tena na wawekezaji wamejitokeza kwa wingi kuikopesha serikali. Dereva akabadili stesheni, akarudi kwenye mpira. Dalali alibonyeza simu yake, akamwonyesha fundi kidole gumba, akapanda. Gari likaondoka na wapagazi wakiwa nyuma.

Simu ya fundi ililia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa malipo yameingia. Mara ya pili ilikuwa benki imeyachukua, yote, na nauli ya kurudi nyumbani ikiwemo.

"Imeingia?" dada akauliza.

"Imeingia."

"Imetosha?"

"Imetosha ya mwezi uliopita."

Walisimama katikati ya vitu. Kitanda, jiko la gesi, masanduku mawili, ndoo zilizotiwa moja ndani ya nyingine. Vikitazamwa nje juani vilionekana vichache mno kwa maisha ya mtu mzima.

"Twende kwangu," fundi akasema.

"Kwako mpaka lini?"

Fundi akaziinua ndoo, akazisogeza karibu na kitanda.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na mfuko wa sabuni alisimama. Aliwatazama, akatazama vitu, kisha akakisogelea kitanda na kukitikisa kwa mkono, kama afanyavyo mnunuzi.

"Mama, hiki kitanda mnauza?"

Dada alimgeukia mdogo wake. Fundi akainama, akawa anapanga bisibisi zake kwenye sanduku, ingawa zilikuwa zimepangika. Akamsikia dada yake akitaja bei.

"Punguza kidogo, mama," yule mwanamke akasema. "Si unajua hali ilivyo ngumu."

Dada akapunguza.