Kipaza Mlangoni kwa Mama Yake

Mtaa mzima ulimwita Kipaza, maana wakati wa ugonjwa ndiye aliyezunguka na gari la matangazo akiwaamuru watu wakae ndani. Na kazi aliijua, jamani. "Anayekupenda ndiye atakayekuua!" Maneno hayo hayakuwemo kwenye karatasi ya ofisi, aliyatunga mwenyewe, na watu wakafunga milango mpaka madirisha.

Sasa ugonjwa ulikwisha, na gari lile lile lilipita likisema tokeni, salimianeni, mwenye kusongwa na mawazo afike zahanati azungumze na mshauri. Asubuhi hiyo alishayarudia hayo mara arobaini. Alikuwa amechoka mpaka ulimi. Na nani amsikilize? Mama yake mzazi hakuwa amevuka kizingiti kwa miaka miwili, na mjukuu aliyezaliwa katikati ya balaa hilo hajambeba hata mara moja. Daktari alishamwambia Kipaza wazi: mama akizidi kujifungia, atasahau kutembea, kisha atachoka kuishi.

Basi akaegesha gari mbele ya nyumba, akashuka na mfuko wa unga na sabuni. Akautua hatua tatu kutoka mlangoni, akarudi nyuma kama kawaida yake.

"Mama, leo unatoka. Mjukuu wako anakimbia sasa, na wewe hujamshika hata kidole."

"Nitoke niende wapi?" mama akajibu kutoka kitini pake, mlango ukiwa wazi. "Si ulisema anayenipenda ndiye atakayeniua?"

"Ilikuwa kazi, mama. Yamekwisha."

"Kama yamekwisha, ingia tunywe chai."

"Nimechelewa kazini."

"Jana ulichelewa. Juzi ulichelewa. Baba, mlango huu sikufungii. Mara ya mwisho uliingia humu lini?"

Kipaza akajichekesha. Akanyanyua mguu aingie, ukagoma. Aliogopa, huo ndio ukweli wenyewe: aliogopa asije akamwingizia mama yake mauti. Hata kwake alilala sebuleni peke yake, akimdanganya mkewe kwamba ni mgongo.

"Siwezi, mama," akasema, kwa sauti ambayo hata jirani asingeisikia.

"Ama kweli mganga hajigangi," mama akasema, lakini hakucheka.

Akashika ukuta, akainuka. Kizingitini akasita. Akafumba macho, akavuka, akajishusha taratibu kwenye ngazi ya saruji.

"Njoo ukae. Hata mimi naogopa."

Kipaza akakaa, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Mama akasogea, akaijaza.