Ukuta Juu ya Baiskeli

...na kinachomuudhi zaidi ni kwamba baiskeli yenyewe haina hata gurudumu la mbele, ni kiti, pedali na kioo kidogo cha tarakimu, imesimama katikati ya chumba cha mazoezi ya tiba kama mbuzi aliyefungwa kamba, na yeye, Ukuta, golikipa wa timu ya wasichana ya shule, aliyebandikwa jina hilo na washambuliaji waliorudi kwao wakilia, anakanyaga polepole kama bibi anayekwenda kwa jirani kuazima chumvi... "Hapo hapo, usiongeze," anasema mtaalamu wa viungo, kijana wa raba nyeupe pee, raba ambazo hazijaonja tope tangu zizaliwe, naye hachoki kutazama mapigo ya moyo yanayosomwa na ule mkanda aliomfunga kifuani kama ng'ombe wa mnada, usiongeze, usiongeze, mtu mzima amekaa darasani miaka yote hiyo ili aje kuwaambia watu wasiongeze... na mama kwenye kiti cha plastiki, kaukumbatia mkoba wake mapajani, midomo inamcheza, ama anaomba dua ama anamsengenya daktari kimoyomoyo, maana tangu daktari atamke kwamba mtikisiko wa ubongo hautibiwi kwa kumfungia mtu ndani, kwamba siku mbili za mwanzo ni za kupumzika, kisha mgonjwa aanze kujongea, atembee, apande baiskeli, mwendo mwepesi usioamsha maumivu, basi mama hamwiti tena daktari, anamwita yule bwana... "Mtoto kichwa kimepasuka, yule bwana anasema apande baiskeli!" alimlalamikia shangazi kwenye simu, hakikupasuka, mama, kilitikisika, lakini nani wa kusikilizwa katika nyumba ile, nyumba iliyogeuzwa kaburi, mapazia yamebanwa kwa vibanio vya nguo, simu yake imezikwa kwenye ndoo ya unga, wadogo zake wananyata kama wezi, na shangazi akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda gizani, akaangua kilio huku kamshika mguu, mguu! kilichogongwa ni kichwa, yeye anaomboleza mguu, na Ukuta kajilaza akiwaza kumbe hivi ndivyo maiti wanavyochoshwa...

na yote kisa goti, goti la yule mshambuliaji mrefu mwenye mbio za swala na akili za kuku, Ukuta alijitupa miguuni pake kuudaka mpira na goti likamkuta juu ya sikio, anakumbuka harufu ya nyasi, basi, yaliyofuata kayasikia kwa watu, kwamba alilala, akaamka, kocha akaja mbio na chupa ya maji, akamuuliza uko sawa, naye akainua dole gumba, na jukwaa zima likapiga makofi, jasiri, jasiri, wapumbavu wale, mtu akianguka wanapiga makofi, akiinuka wanapiga makofi... na kocha naye, asubuhi hii hii alipiga kwenye simu ya mama wakati mama anaoga, Ukuta akaipokea, sauti tamu kama ya mtu anayeuza godoro bovu, "Ukuta wangu, Jumamosi ni fainali, usipokuja golini namweka Sabuni," Sabuni ni golikipa wa akiba, kila kinachofika mikononi mwake huteleza, hata chaki, "lakini kichwa ni chako, binti yangu, ukisema hakiumi nani ataingia humo kuchungulia? Maliza hiyo baiskeli bila malalamiko, mengine niachie mimi," akacheka, na Ukuta naye akacheka, kwa kuwa hilo angalau lilikuwa neno la mtu anayejua mpira, si kama huyu wa raba nyeupe...

"Kichwa kikoje, sifuri mpaka kumi?" anauliza huyo wa raba nyeupe, maumivu yanauliziwa bei kama nyanya, "Sifuri," anajibu Ukuta, na kwa kweli ni sifuri, jambo la ajabu, kimetulia humo ndani kuliko kilivyotulia kule gizani, lakini hilo hatampa mtu raha ya kulisikia, badala yake anabana meno na kukanyaga, waone, waone ukuta unavyokimbia, mapaja yanaamka, pumzi inaamka, tarakimu kwenye kioo zinapanda, "Aa-aa, umezidi, rudi," wewe nani, "Nimesema rudi, dada," dada yako nani, na hapo ndipo taa ya darini inapoanza kuuma... nyuma ya jicho la kushoto, kwanza kama ukucha, halafu kama mtu anayegonga mlango ambao anajua una mwenyewe, ukuta wa chumba unasogea kidogo na kurudi, "Kichwa kikoje?" na neno lipo tayari ulimini, sifuri, silabi tatu tu... ila kinachokuja mbele ya macho si neno, ni ile video, dada yake mkubwa alimwonyesha kwa kuibia, chini ya shuka, mchezo umeanza tena baada ya makofi, na golini kuna msichana mwenye jezi yake, amechuchumaa vizuri, magoti yamekunjwa, mikono tayari, vidole vimetanuka, kila kitu barabara, isipokuwa ameupa uwanja mgongo, anautazama wavu, anausubiri mpira utoke wavuni, na mpira unapita ubavuni pake, anautazama ukiingia kwa heshima kama mgeni, na watu wanacheka, wanadhani anatania... alimdharau sana msichana yule, alisema zima, mjinga gani huyo, na sasa anaona kwamba yule mjinga pia aliulizwa kichwa kikoje, na yule ndiye aliyeinua dole gumba, naye aliamini kabisa, hakuwa anamdanganya mtu, na kama yule asiyejua aliaibika vile, huyu anayejua, anayesikia mlango ukigongwa na kusema hakuna mtu, huyu ataitwaje...

"Kinagonga," anasema, "nyuma ya jicho. Nne. Tano," na mama huyo amesimama, mkoba chini, "Nilisema! Nilisema mimi! Mshushe mwanangu, twende nyumbani akalale!" na Ukuta anaanza kutoa mguu kwenye pedali, amezoea, ama golini ama kaburini, mama na kocha hawasalimiani lakini dini yao moja, "Hashuki, mama," anasema mtaalamu wa viungo, bila kupandisha sauti, "anapunguza. Punguza, dada, vuta pumzi, punguza tena. Tukishindwa hapo ndipo tutashuka," na anapunguza, mpaka chini ya bibi wa chumvi, mpaka mwendo wa kobe aliyeshiba, aibu tupu, na kule nyuma ya jicho mgongaji anagonga, anangoja, anagonga kwa mbali, anaondoka zake... "Kikoje?" "Mbili. Kinashuka," na mama bado kasimama, anamtazama binti yake usoni kama anayesoma maandishi madogo, "Hadanganyi?" anamuuliza yule kijana, "Muulize mwenyewe, mama, yuko hapa," na mama hamuulizi, anaokota mkoba, na mkoba unatetemeka kabla hajauketisha, ni simu, mama anaitoa na kuisoma kwa mbali, mkono umenyooshwa, "Kocha wako huyu. Ananipigia mimi, ana nini na mimi? Nimwambie nini?" na Ukuta anajua angeweza kuipokea, anaisikia kabisa ile sauti ya godoro bovu, Ukuta wangu, Ukuta wangu, Jumamosi itafika na mvua ya magoli itamnyea Sabuni, maskini Sabuni anayetapika kabla ya kila mechi halafu anaingia hivyo hivyo, anaingia, hakuna anayempigia makofi... "Mwambie siji," anasema, akikanyaga, "na ampe Sabuni glavu zangu, zipo kabatini shuleni. Zake zimeisha, hazishiki," na mama anaiweka simu sikioni, na mtaalamu wa viungo anatazama kioo, anatikisa kichwa kukubali, "Hapo hapo, usiongeze," na yeye haongezi.