Glasi ya Ukaguzi

Maji machafu yalimfika kiunoni. Alikuwa ndani ya tangi la kuchujia, akizoa makumbi ya nazi kwa koleo, na makumbi yenyewe yalikuwa meusi, yanateleza, yananuka. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari. Kazi ya makumbi, pamoja na maganda ya mayai na mbegu za mlonge zilizotwangwa, ilikuwa kunasa madini ya risasi kabla maji hayajatoka bombani kwenda kijitoni. Na yananasa kweli, si porojo. Ila yakishiba yameshiba, lazima yabadilishwe kila baada ya wiki tatu. Haya yalikuwa na miezi kumi na moja.

"Vitu vya asili havichoki, Mama Makumbi," meneja alimjibu kila alipoomba mapya. "Umewahi kuona mti unaomba likizo?"

Leo alikubali, kwa kuwa mkaguzi alikuwa anakuja saa nne. Tena tabaka moja tu la juu, lipendeze machoni.

Binti wa Mama Makumbi, wa miaka saba, alikuwa akisoma kila kibao cha barabarani. Sasa anasahau jina la mama yake mdogo, wanayeishi naye chumba kimoja. Tumbo linamkata, fizi zimeota mstari wa bluu. Mganga wa zahanati aliuliza swali moja tu: mnakunywa maji gani? Ya kijitoni. Mtaa mzima unakunywa ya kijitoni, mengine yako wapi?

Mama Makumbi alikwisha kulia hadi akachoka. Hakutaka tena meneja ajirekebishe. Alitaka aumie.

Kila ukaguzi ulikuwa na mchezo wake. Meneja alikunywa glasi ya maji yaliyochujwa mbele ya mkaguzi, watu wakapiga makofi, fomu ikasainiwa. Maji hayo yalitoka kwenye chupa za dukani. Mama Makumbi ndiye aliyeyamimina kwenye jagi, nyuma ya tangi, miaka sita mfululizo. Safari hii chupa aliziacha na vizibo vyake. Alikinga jagi kwenye bomba linalokwenda kijitoni. Maji yalitoka maangavu, hayana rangi wala harufu, utadhani ya mvua.

Mkaguzi alifika, akachungulia makumbi mapya, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Fomu akaisaini kabla hata glasi haijajaa.

"Karibu uonje, mheshimiwa," meneja alisema.

"Aa, mimi nimetoka kunywa chai. Tangulia wewe."

Meneja akanywa yote, akafuta midomo. "Matamu!" Watu wakapiga makofi.

Mama Makumbi akaangua kicheko. Alishindwa kujizuia, na wala hakutaka. "Hayo ni ya bombani, bosi. Ndiyo anayokunywa mwanangu. Nikuongeze?"

Makofi yalikatika. Meneja alitumbua macho, akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji, akatia vidole kooni. Alitapika mpaka tai ikalowa. Mama Makumbi alisimama akimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu binti yake augue, roho yake ilitulia tuli.

"Mkamateni!" meneja alifoka. "Ameniua huyu mwanamke! Hilo jagi msilimwage, ni ushahidi!"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kupeleka hata tone la maji yale maabara. Jagi lilipelekwa siku ileile, kwa gari la polisi.

Mahakamani, mwendesha mashtaka alisoma majibu kwa sauti nzito: madini ya risasi, mara arobaini ya kiwango kinachoruhusiwa. Sumu kali.

"Ulimtilia sumu?" hakimu aliuliza.

"Sikutia kitu, mheshimiwa. Nilikinga tu. Bomba linatiririka mpaka sasa hivi, mkitaka twendeni mkaone."

"Kiwanda hakijashtakiwa hapa. Umeshtakiwa wewe."

Meneja, kwenye benchi la mbele, alikohoa kidogo na kujishika tumbo. Hakimu alimpa pole. Kisha akaagiza jagi lifungiwe kabatini, funguo akae nazo karani, lisije likamdhuru mtu.

Kwenye benchi la nyuma, binti alisema ana kiu. Mama yake mdogo alimtazama Mama Makumbi kizimbani, akatazama pembeni, akafungua kidumu alichokijaza kijitoni asubuhi, akamnywesha.