Njugu za Penina pale Mvumi

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni 2025, jioni, mambo yaliharibika barazani kwa Matonya, Ipagala. Hamza aliweka choroko zake juu ya Mvumi.

Mvumi yenyewe ilikuwa ya kuchorwa, kijiji kimoja kwenye ramani ya mchezo wao. Restuta, fundi cherehani wa nyumba ya pili, ndiye aliyepaka vijiji rangi kwenye kipande cha ubao, enzi hizo wachezaji wakiwa wanne. Kila mtu na askari wake: Restuta vifungo, Hamza choroko, Matonya mahindi, na Penina, mke wa Matonya, njugu mawe. Mnakwenda wawili wawili nyuma ya nyumba, mnanong'onezana, mnaahidiana, mnarudi kusogeza. Mwenye vijiji vingi ndiye bingwa. Ukizuka ugomvi, mwenyekiti wa siku hiyo anaamua, basi.

Penina alifariki miaka miwili nyuma, akisubiri gari la wagonjwa. Gari lilikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo, na mkubwa wa kuyaidhinisha alikuwa kikaoni. Tangu hapo Matonya hakuwa na salamu kwa kiongozi yeyote, hata balozi wa mtaa. "Hao wanaruhusu na kukataa bila kutazama," husema, kisha anatema mate. Na tangu hapo njugu za Penina zilibaki Mvumi, alikozaliwa, na hakuna aliyezigusa. Haikuwa sheria. Ilijulikana tu.

"Toa hizo," Matonya alisema.

"Nitoe vipi, mtani? Si umeniruhusu mwenyewe?"

"Lini, Mrangi mwizi wewe?"

"Sasa hivi, pale bandani kwa kuku. Nimekuomba njia ya kumfikia Restuta. Ukasema pita popote, mradi umbane huyo mama."

Restuta aliangua kicheko. "Kumbe mlikuwa mnanipikia mimi!"

Matonya hakucheka. Alikumbuka. Alikuwa na uchu wa kushinda, kuku wanamdonoa ndala, akasema popote kama mtu anayefukuza nzi. Ramani hakuitazama.

"Nilisahau."

"Na hao viongozi wako husema hivyohivyo," Hamza alijibu, kisha akainamisha macho. "Samahani, ndugu yangu. Lakini shemeji alikuwa mchezaji. Kijiji changu cha Chemba alikichukua mara ngapi, tena akinicheka? Leo tumemweka pale kama picha ya ukutani."

"Mwache akae."

"Na ahadi yako?"

Restuta alikuwa ameacha kucheka. "Hamza, umefanya vibaya," alisema. "Mimi nimeikwepa Mvumi muda wote huo, nikipoteza vijiji, na sikulalamika. Ila ahadi ya bandani ikivunjwa leo, Jumamosi ijayo nani atamwamini nani?"

Wote wawili walimgeukia Matonya. Mwenyekiti wa siku hiyo alikuwa yeye. Zamu ilipomfikia alinung'unika kwamba hataki cheo, lakini alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo, na chai alimiminiwa wa kwanza.

Alinyoosha mkono juu ya ubao. Choroko zilikuwa zimezizingira njugu pande zote. Zile njugu nyekundu Penina alizichagua kwa mkono, moja moja, kwenye ungo. Mkono ukabaki pale pale hewani.

Restuta alisogeza kikombe pembeni.

"Mwenyekiti," alisema, "choroko zinabaki au zinatoka?"